Istilahi za Utunzaji wa Bunduki Nyumbani: Kusafisha, Kupaka Mafuta na Kuhifadhi

1. UTANGULIZI

Juhudi za kukuza istilahi za Kiswahili zimeelekezwa zaidi kwenye taaluma zinazofundishwa madarasani, kama vile fizikia, biolojia, isimu, sheria na uchumi. Kazi za mikono zimeachwa zijitafutie maneno zenyewe katika karakana, mashambani na kambini. Mara nyingi maneno hayo yamepatikana, na baadhi yake ni mazuri kuliko yale yaliyobuniwa na kamati. Lakini zipo kazi ambazo ndani yake neno lisilo wazi halileti usumbufu tu, bali laweza kuleta kifo. Utunzaji wa bunduki nyumbani ni mojawapo ya kazi hizo.

Yumkini mada hii itaonekana ngeni kwa msomaji wa jarida la lugha. Ni kweli kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kwamba raia wa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki bila leseni. Hata hivyo, bunduki hazikutoweka majumbani. Polisi wa akiba, hasa katika kaunti za kaskazini na sehemu za Bonde la Ufa, hukabidhiwa bunduki za serikali na kuishi nazo katika maboma yao, pamoja na wake zao, watoto wao na wageni wao. Wapo pia raia wenye leseni, ambao Sheria ya Silaha za Moto (Sura ya 114) huwataka wazihifadhi silaha zao kwa usalama. Kitabu cha maagizo kinachoandamana na bunduki aghalabu huwa kwa lugha ya kigeni. Maelezo halisi hutolewa kwa mdomo, na hutolewa kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wa polisi hao wa akiba ni lugha ya pili au ya tatu.

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba Kiswahili kina urithi wa kutosha wa maneno ya kuelezea utunzaji wa bunduki, ingawa sehemu ya urithi huo imesahauliwa. Jambo la pili ni kwamba hatari haitokani na uhaba wa maneno, bali inatokana na neno moja kubebeshwa maana mbili au tatu katika kazi isiyovumilia utata. Mfano utakaotumiwa ni bunduki ya Lee-Enfield ya kipimo cha inchi 0.303, ambayo ilitumiwa kwa miongo mingi katika Afrika Mashariki, tangu enzi za jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa wenyeji kama Keya na ambalo liliundwa mwaka 1902. Kanuni za kuitunza bunduki hiyo zinafaa, kwa mabadiliko machache, kwa bunduki nyingine nyingi.

2. URITHI WA ENZI YA GOBORI

Neno bunduki lenyewe lina historia ndefu. Asili yake ya karibu ni Kiarabu, ambamo bunduq lilikuwa jina la tunda dogo gumu lenye kokwa ya kuliwa. Neno hilo nalo Waarabu walikuwa wamelipata kutoka kwa Kigiriki. Kutokana na umbo la tunda hilo, neno likaja kutaja kitufe kidogo kilichorushwa kwa upinde, na hatimaye likahamia kwenye silaha yenyewe. Risasi, ambalo pia ni la Kiarabu, lilikuwa na bado ni jina la madini. Kasiba, yaani bomba la bunduki, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete au mwanzi. Baruti nalo liliingia kwa njia iyo hiyo. Pamoja na maneno hayo ya kigeni yapo maneno ambayo lugha iliyatoa katika hazina yake ya kale: mtutu, tako au kitako, na mtambo, neno linalotaja kitu chochote chenye kutegwa na kufyatuka.

Kamusi za zamani, kama ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile iliyohaririwa na Johnson mwaka 1939, zimehifadhi mengi ya maneno hayo. Humo hukutwa gobori na korofindo, yaani bunduki za kujazwa kwa mdomoni. Gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa jiwe. Fataki, kichocheo kidogo cha kulipua baruti. Marisaa, chembe ndogondogo za risasi. Na kiasi, yaani baruti iliyopimwa tayari kwa mpigo mmoja. Neno hili la mwisho linaonyesha jinsi lugha ilivyokuwa ikifuata kazi. Mtu wa gobori alipima baruti kwa kiasi, akaimimina mtutuni, akaishindilia, kisha akaingiza risasi. Bunduki ambazo baruti yake ilikuja imekwisha pimwa na kufungwa pamoja na risasi katika ganda moja ziliitwa, kwa usahihi kabisa, bunduki za viasi.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni mdeki, yaani ufito wa kushindilia. Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba neno hili lina uhusiano na kupiga deki, ambalo limetokana na neno la Kiingereza la sakafu ya meli. Sivyo. Mdeki unatokana na neno la Kiarabu midakk, chombo cha kupondea au kushindilia. Ufito huo huo ulifungwa kitambaa na kutumiwa kufuta ndani ya mtutu. Kwa hiyo neno la kifaa cha kusafishia bunduki lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya Keya kuundwa.

Utunzaji wa gobori ulikuwa na kanuni moja kuu, nayo ni maji. Baruti nyeusi huacha masizi mazito yenye chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Bunduki isiyooshwa baada ya kupigwa hushika kutu kwa muda mfupi, hasa pwani. Kanuni hii itajitokeza tena hapa chini, maana watu wengi hudhani kwamba iliondoka pamoja na gobori.

3. SEHEMU ZA BUNDUKI NA MAJINA YAKE

Bunduki ya aina ya Lee-Enfield ilileta sehemu ambazo gobori haikuwa nazo. Sehemu ya kwanza ni chuma kinachosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kufunga na kufungua nyuma ya mtutu. Sehemu ya pili ni nafasi iliyo mwanzoni mwa mtutu, ambamo kiasi kimoja hukaa tayari kupigwa. Ya tatu ni kisanduku kilicho chini yake, ambacho katika bunduki hii huchukua viasi 10. Ya nne ni mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya kasiba, ambayo huifanya risasi izunguke na kwenda sawa. Mitutu mingi ya bunduki hii ina mifuo mitano.

Kwa sehemu ya kwanza, neno komeo linafaa kuliko jingine lolote. Komeo la mlango hufanya kazi ile ile: husukumwa, hushika na huzuia. Zaidi ya hayo, neno hili lina jamaa zake wa kitenzi, komea na komoa, ambavyo ni jozi ya kutenda na kutendua. Askari anayeambiwa komoa anaweza kuelewa, bila maelezo marefu, kwamba anatakiwa kufungua kile kilichokomewa. Kipingamizi kilichopo ni kwamba katika mazungumzo ya leo komoa limepata maana ya kumtendea mtu ubaya kwa makusudi. Kwa sababu hiyo huenda ikafaa kusema fungua komeo pale ambapo msikilizaji ni mgeni wa lugha.

Kwa sehemu ya pili na ya tatu, maneno ya mkopo chemba na magazini yameshazoeleka miongoni mwa askari, na hakuna haja ya kuyafukuza. Jambo lililo muhimu ni kwamba yawe mawili na yasichanganywe. Kwa mifuo hakuna tatizo, kwani mfuo ni neno la zamani la mstari uliochimbwa.

Neno linalohitaji hadhari ni mtambo. Katika kamusi na katika mazungumzo limetumiwa kutaja utaratibu mzima wa chuma unaofyatuka, na pia kutaja kile kidude kinachovutwa kwa kidole cha shahada. Anayeambiwa apake mtambo mafuta hajui kama ni kidude hicho au ni vyuma vyote vya ndani. Pendekezo la makala hii ni kwamba kidude cha kidole kiitwe kifyatuo, na mtambo libakie kwa utaratibu mzima. Kifyatuo kinajieleza chenyewe: fyata ni kubana, kama mbwa anavyofyata mkia, fyatua ni kukiachia ghafla kilichobanwa. Ndani ya bunduki kinachobanwa ni springi, nayo huachiwa kwa kifyatuo.

4. UTATA WA "BUNDUKI TUPU"

Ajali nyingi za kusafisha bunduki zina chanzo kimoja: bunduki iliyodhaniwa kuwa tupu haikuwa tupu. Hapa ndipo lugha inapoingia moja kwa moja katika suala la uhai.

Sentensi "bunduki hii haina risasi" ina maana mbili. Huenda msemaji anakusudia kwamba magazini imetolewa. Msikilizaji huenda akaelewa kwamba chemba nayo ni tupu. Wote wawili wanasema Kiswahili sanifu, na hakuna aliyekosea sarufi. Lakini kiasi kimoja kilichobaki chembani kinatosha kumuua mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta wa udongo. Hali kadhalika, neno risasi lenyewe limechukua mzigo mkubwa mno. Ni madini, ni kile kinachoruka kutoka mtutuni, na ni kiasi kizima pamoja na ganda lake na baruti yake. Ingefaa neno kiasi lirudishwe katika matumizi kwa maana yake ya zamani, ili risasi litaje kinachoruka tu, na ganda litaje kinachobaki.

Utata wa pili ni wa mfuatano wa vitendo. Magazini lazima itolewe kwanza, ndipo komeo lifunguliwe. Mtu akifungua komeo kabla ya kutoa magazini, kiasi kilichomo chembani hutolewa na kuanguka chini. Mtu huyo hukiona kikianguka, akaridhika, akarudisha komeo. Kumbe komeo lile lile lililorudi limesukuma kiasi kingine kutoka katika magazini na kukiingiza chembani. Macho yake yamemwonyesha kwamba bunduki ni tupu wakati ule ule ambapo mikono yake imeijaza.

Kiswahili kina njia nzuri za kuonyesha mfuatano, lakini si zote zina nguvu sawa. Agizo "ukitoa magazini, fungua komeo" lina kiambishi -ki-, ambacho kinaweza kueleweka kama sharti, au hata kama vitendo viwili vinavyokwenda pamoja. Agizo "ukiisha kutoa magazini, fungua komeo" linasisitiza kwamba kitendo cha kwanza kimetimia. Agizo lenye nguvu zaidi ni lile la kukataza: "usifungue komeo kabla hujatoa magazini." Kiambishi -ja- cha ukanushi hakiachi nafasi ya tafsiri ya pili. Waandishi wa maagizo wanashauriwa kutumia mwundo huu kila mara ambapo kugeuza mfuatano kunaweza kuua.

Baada ya magazini kutolewa na komeo kufunguliwa, chemba hutazamwa kwa macho na kupapaswa kwa ncha ya kidole kidogo. Vitenzi viwili vinahitajika hapa. Kagua peke yake hakitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kudai kwamba amekagua kwa kutupia jicho tu. Tazama na papasa ni vitendo vinavyoonekana, na aliye karibu anaweza kushuhudia kama vimefanywa. Muda wote huo mtutu huelekezwa mahali ambapo hapana mtu, na viasi vyote hupelekwa chumba kingine kabla ya kazi kuanza.

5. KUSAFISHA

Kitenzi safisha ni kipana. Ndani yake mna kuosha, kusugua, kupangusa na kukausha, na kila kimoja kina mahali pake.

Kuosha ndiko kunakosahauliwa. Viasi vingi vya kipimo cha 0.303 vilivyotengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Waingereza vilikuwa na fataki zenye klorati ya potasiamu. Fataki ya namna hiyo inapolipuka huacha ndani ya kasiba chumvi inayofanana kwa tabia na chumvi ya jikoni. Mafuta hayayeyushi chumvi. Mtu anayepaka mafuta juu ya chumvi huwa ameifunika tu, na chini ya mafuta hayo chumvi huendelea kuvuta unyevu na kukila chuma. Kwa hiyo, baada ya kupiga viasi vya aina hiyo, komeo liliondolewa na maji yanayochemka yakamiminwa kwa faneli kutoka chembani hadi mdomoni mwa mtutu. Maji huyeyusha chumvi, na joto lake hukifanya chuma kikauke upesi. Viasi vingi vya siku hizi havina fataki za aina hiyo, na hivyo maji si lazima. Lakini akiba ya zamani bado hukutwa, na asiyejua asili ya viasi vyake hatapoteza kitu kwa kuosha.

Baada ya kuosha ni kukausha na kupangusa. Ndani ya kitako cha Lee-Enfield mna tundu lenye kifuniko, ambamo askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia. Kamba hiyo ina kipande kizito cha shaba upande mmoja na vitanzi upande mwingine. Kitambaa cha inchi 4 kwa 2, yaani takriban sentimita 10 kwa 5, huingizwa katika kitanzi. Shaba huteremshwa kutoka chembani hadi itokeze mdomoni. Kisha kamba huvutwa kwa mvuto mmoja bila kusita. Kamba ivutwe ikiwa imenyooka na kasiba. Ikivutwa kwa upande husugua ukingo wa mdomo wa mtutu, na kwa miaka mingi hufanya ufa mdogo unaoharibu shabaha. Wenye kutumia mdeki badala ya kamba nao hushauriwa kuupitisha kutoka nyuma kwenda mbele, pale ambapo umbo la bunduki linaruhusu, ili uchafu usirudishwe kwenye mtambo.

Kusugua hufanywa kwa brashi laini ya shaba pale tu ambapo kitambaa kimeshindwa. Hapa tofauti ya sugua na pangusa ina maana ya vitendo, kwani mkono wenye bidii nyingi unaweza kuchakaza mifuo kuliko risasi zenyewe. Komeo, uso wake na kucha inayotolea maganda hupanguswa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Komeo la bunduki moja lisibadilishwe na la nyingine. Nambari iliyopigwa juu ya komeo hulingana na ile ya bunduki yake, na makomeo yakichanganywa kufunga kwake kunaweza kulegea kiasi cha kumdhuru mpigaji.

6. KUPAKA MAFUTA

Kati ya maneno yote ya utunzaji, mafuta ndilo lenye maana nyingi kupita kiasi. Lugha moja inaita mafuta kile cha kukaangia, kile cha kuwashia taa, kile cha kuendeshea gari na kile cha kujipaka mwilini. Katika maisha ya kawaida muktadha hutosha. Katika utunzaji wa bunduki hautoshi.

Mafuta ya taa yanaondoa uchafu vizuri, lakini huvukiza na kukiacha chuma bila kinga. Mafuta ya kupikia, kwa kuwa yametokana na mimea, hukaa yakagandamana na kuwa kama ulimbo, na vyuma vidogo vya mtambo hunata. Mafuta ya nazi yana udhaifu wa pekee: huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Mtu wa Malindi huenda asione tatizo, lakini aliyehamia Nyeri au Limuru huyaona yakiwa meupe chupani kila asubuhi ya baridi, na yale yaliyo ndani ya komeo yameganda vivyo hivyo. Yanayofaa ni mafuta mepesi ya madini yaliyotengenezwa kwa bunduki. Kwa hiyo agizo lisiseme "mafuta" tu. Liseme "mafuta ya bunduki".

Kitenzi nacho kina uzito wake. Watu wengi husema "tia bunduki mafuta". Kutia ni kuingiza ndani, na anayetia humimina. Kupaka ni kueneza juu ya uso kwa uchache. Bunduki hupakwa, haitiwi. Mafuta yakizidi hukusanya vumbi, jambo lenye kudhuru sana katika nchi kavu. Huteremka katika mbao za kitako na kuzilainisha. Na yakibaki tele ndani ya kasiba huathiri mpigo wa kwanza, na huenda yakaongeza mkandamizo kupita kadiri. Kasiba ya kuhifadhiwa hupakwa tabaka jembamba, nalo hupanguswa kwa kitambaa kikavu kabla ya bunduki kutumika tena. Mbao hazipakwi mafuta ya chuma. Kwa desturi hupakwa mafuta mabichi ya kitani, kidogo kidogo, na kusuguliwa kwa kiganja.

7. KUHIFADHI

Katika sehemu hii vitenzi vinne hushindana: weka, ficha, funga na hifadhi. Uchaguzi wa mwandishi kati ya vitenzi hivi ndio utakaoamua jambo litakalotendeka nyumbani.

Weka hakisemi chochote zaidi ya mahali. Agizo "weka mbali na watoto" limezoeleka katika vibandiko vya dawa, na pengine ndiyo sababu husomwa bila kusikika. Kwa mzazi, mbali ni juu ya kabati. Kwa mtoto wa miaka saba mwenye kiti, juu ya kabati si mbali.

Ficha ni kibaya zaidi, kwa vile kinampa mwenye bunduki amani asiyostahili kuwa nayo. Kuficha hutegemea mwingine asijue, ilhali watoto huijua nyumba kuliko wazazi wao. Wao ndio wanaoingia chini ya vitanda, wanaopanda darini na kufungua masanduku wakati wakubwa wako shambani. Bunduki iliyofichwa ni bunduki inayosubiri kupatikana. Mtoto anayeipata huipata akiwa peke yake, na huifahamu kwa njia moja tu aliyoiona, yaani kuvuta kifyatuo.

Funga kina uzuri wake lakini kina maana tatu kwa wakati mmoja. "Funga bunduki" huweza kuwa kurudisha komeo, kuizungushia kamba au kitambaa, au kuitia chini ya kufuli. Maana ya pili ina madhara yake: bunduki iliyoviringishwa katika blanketi au kutiwa katika mfuko wa ngozi hukaa na unyevu ulioshikwa na nguo au ngozi hiyo, na mwenyewe akiifungua baada ya masika huikuta imeshika kutu. Utata huu huondolewa na kauli ya kutendea. Fungia hutaka kutajwa mahali: "ifungie katika kasha la chuma." Kiambishi kimoja kimeleta kufuli na kasha pamoja nacho.

Hifadhi, basi, libaki kuwa jina la utaratibu mzima, ambao unaweza kuelezwa kwa maagizo yafuatayo, yaliyoandikwa kwa kufuata mapendekezo ya makala hii:

(i) Elekeza mtutu mahali ambapo hapana mtu, na usiuelekeze pengine mpaka kazi imalizike.
(ii) Usifungue komeo kabla hujatoa magazini.
(iii) Fungua komeo. Tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole.
(iv) Peleka viasi vyote chumba kingine kabla hujaanza kusafisha.
(v) Kama viasi ulivyopiga ni vya zamani, osha kasiba kwa maji yanayochemka, kisha ikaushe kabisa.
(vi) Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kisafi.
(vii) Paka kasiba, komeo na vyuma vya nje mafuta ya bunduki, tabaka jembamba. Usimimine.
(viii) Pangusa alama za vidole, kwa kuwa jasho lina chumvi.
(ix) Toa komeo na ulifungie mbali na bunduki. Ifungie bunduki katika kasha la chuma lililokazwa ukutani. Vifungie viasi katika kasha jingine, lenye ufunguo mwingine.
(x) Usizibe mdomo wa mtutu kwa kitambaa. Ikague bunduki kila baada ya majuma machache, na kila mara anza na agizo la kwanza.

Yapo mazingira ambamo polisi wa akiba hawezi kutenganisha komeo na bunduki, kwa sababu amepewa silaha ili awe tayari usiku. Hilo ni suala la wakuu wake, wala haliwezi kutatuliwa na mwandishi wa istilahi. Lakini hata hapo chemba tupu na kufuli ni vitu vinavyoweza kutajwa kwa maneno yasiyo na utata.

8. HITIMISHO

Mapendekezo ya makala hii ni machache: kiasi lirudishwe, risasi lipunguziwe mzigo, chemba na magazini yatenganishwe daima, kifyatuo litofautishwe na mtambo, mdeki utambuliwe, paka lichukue nafasi ya tia, na fungia lichukue nafasi ya ficha. Baadhi ya maneno hayo ni ya Kibantu, baadhi ni ya Kiarabu na mengine yamekuja majuzi kutoka Kiingereza. Mjadala wa asili ya neno, ambao umewashughulisha wataalamu wa istilahi kwa muda mrefu, hauna uzito mkubwa hapa. Kinachotakiwa ni kwamba watu wawili wakilisikia neno wafanye kitendo kimoja.

Kwa sababu hiyo, istilahi za namna hii hazipaswi kupitishwa mezani peke yake. Zinapaswa kusomwa kwa sauti mbele ya watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, huku mwenye kusoma akitazama mikono yao. Pale ambapo mikono inakwenda pasipokusudiwa, kosa si la mikono. Ni la neno, nalo libadilishwe kabla halijachapishwa.